Shajara ya filamu yetu fupi: mapenzi bila kugusana, Ngamiani, Tanga

Hii ni kumbukumbu ya kutengeneza filamu ya dakika tisa kwa kamera moja na watu watano, hapa Tanga mjini. Naiandika kila hatua inapokamilika ili anayetaka kufanya kazi ya namna hii aone tulipojikwaa, tulivyojikwamua na fedha iliyotoka. Yaliyokwenda vizuri nayapita haraka.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Zuhura anashona nguo barazani kwao. Omari ni fundi baiskeli. Baiskeli ya Zuhura inaharibika mara tatu, na mara ya tatu kila mtu mtaani anajua kwamba haikuharibika. Hawagusani hata mara moja, na neno "nakupenda" halimo. Nimeamua hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, filamu itaonyeshwa uani kwa shangazi, mbele ya mama zetu na majirani. Pili, mapenzi niliyoyaona nikikua hapa yalipita kwenye jina la kanga, kwenye kikuba cha asumini, kwenye salamu iliyorefushwa bila sababu. Sasa kama hakuna busu wala kumbatio, kazi yote ya kumfanya mtazamaji ahisi inabaki kwa kamera: iko mbali au karibu, juu au chini, inamtazama nani na kwa muda gani. Hilo ndilo nililotaka kujifunza kwa mradi huu.

14 Juni. Vifaa na mpango

Kamera ya mtumba na lenzi iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55. Tripodi. Maiki mbili za kifuani za kuazima. Shuka nyeupe la kurudishia mwanga. Lenzi ya milimita 85 tutaikodi kwa shilingi 20,000 kwa siku, siku za lazima tu. Waigizaji wawili, kila mmoja 50,000. Binamu yangu anaediti na kushika maiki, na mdogo wake ni wa kila kazi. Kibali cha kurekodi kimeshatoka na mwenyekiti wa mtaa ana taarifa. Bajeti nzima ni 350,000.

Baraza ya shangazi inaelekea kusini. Mwezi huu jua la mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo barazani kuna kivuli kutwa nzima na nyuso zinapata mwanga laini bila taa. Anayetafuta mahali pa kushuti bila fedha ya taa aangalie jambo hilo kwanza, kabla ya uzuri wa mlango.

22 Juni. Jaribio la kwanza, limeshindwa

Tulishuti mazungumzo ya kwanza barazani, dakika mbili, ili tu tuone. Nilianza na klozapu, uso wa Zuhura umejaa fremu, kwa sababu nilifikiri mapenzi ni uso. Yakatokea mambo mawili.

La kwanza ni la kiufundi, na liliniumiza. Nilitumia lenzi kwenye milimita 18 na kusogeza kamera hadi nusu mita kutoka usoni. Dada anayeigiza Zuhura alipojiona kwenye kompyuta alinyamaza. Pua imekuwa kubwa, masikio yamerudi nyuma, paji limevimba. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi ndivyo nilivyo?" Nilimwomba radhi palepale, nikamweleza kwamba kosa ni la umbali. Kamera ikiwa nusu mita kutoka usoni, pua iko karibu nayo kuliko masikio kwa tofauti kubwa, na picha inaikuza tofauti hiyo. Ukirudi nyuma mita mbili na kutumia lenzi ndefu, yaani ya milimita nyingi, tofauti inakuwa ndogo na uso unatulia. Tukarudia kwa milimita 55 kutoka mita moja na nusu, akajiona, akatabasamu. Tangu siku hiyo sheria yetu ni kwamba hakuna uso unaopigwa kutoka chini ya mita moja.

La pili lilikuwa zito zaidi. Hata baada ya uso kutengemaa, onyesho halikusisimua. Binamu yangu aliliangalia mara tatu akasema, "Tumeshafika ndani ya macho yake na hata jina lake hatulijui." Ni kweli. Mtu usiyemjua akikusogelea hadi pumzi zikutane, unarudi nyuma. Na ukishatumia klozapu dakika ya kwanza, siku Zuhura anapotetemeka kweli huna pengine pa kwenda. Uso umeshajaa fremu tangu mwanzo.

Kwa hiyo nimepanga upya umbali kwa filamu nzima. Ziara ya kwanza ya Omari, shoti za mbali na za kati tu, miili mizima au kuanzia kiunoni, na nafasi kati yao ionekane. Ziara ya pili, kuanzia kifuani. Klozapu itakuwa moja, ziara ya tatu, na sijaamua bado ni ya nani.

Gharama ya leo: 12,000, betri na chakula.

25 Juni. Engo ya chini

Kabla ya kushuti kweli niliwaonyesha jaribio jipya majirani saba wa shangazi, wote kina mama. Niliwauliza swali moja tu: nani anampenda mwenziwe zaidi?

Katika jaribio hili Omari alipanda barazani na kusimama mbele ya cherehani, kamera ikiwa chini, kama sentimita 60 kutoka sakafuni, inamtazama kuelekea juu. Nilitaka aonekane mwanamume hasa. Zuhura nilimpiga kutoka usawa wa kichwa cha Omari, kamera inamwangalia chini. Kina mama walikaa kimya, kisha mmoja akasema, "Mwanangu, huyu mbona kama kaja kudai kodi?" Wengine wakakubali. Hakuna hata mmoja aliyeona mapenzi. Mmoja alidhani Zuhura anamwogopa.

Maneno ya skripti yalikuwa ya upole na Omari aliigiza kwa upole. Engo ndiyo iliyosema jingine. Kamera ikimtazama mtu kutoka chini inampa nguvu, ikimtazama mwenziwe kutoka juu inampokonya. Ukiziunganisha shoti hizo mbili umeshatengeneza mtesi na mteswa, mwigizaji afanye anavyofanya.

Tiba tuliipata kwa futi ya shangazi ya kupimia nguo. Zuhura akiwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, macho yake yako sentimita 115 kutoka sakafu ya baraza. Baraza imeinuka sentimita 50 kutoka barabarani. Jumla 165. Omari akisimama barabarani macho yake yako 162. Tukamshusha Omari. Abaki chini na baiskeli yake, asipande barazani bila kualikwa, jambo ambalo ndiyo adabu yenyewe, na macho yao yakakutana sawa bila yeyote kumzidi mwenziwe. Kamera nayo tukaiweka usawa huohuo. Jioni niliwaonyesha tena. Mama yuleyule wa kodi akasema, "Sasa huyu kaja na moyo."

29 Juni. Siku ya kwanza ya kushuti, na kosa lililotugharimu

Asubuhi ilikwenda vizuri. Ziara ya kwanza yote, na nusu ya ya pili, upande wa Zuhura. Tripodi ilikuwa kulia kwa mlango na Zuhura alikuwa akitazama upande wa kulia wa fremu.

Baada ya chakula, watu wengi wakawa wamekusanyika upande ule kutuangalia. Sikutaka kuwafukuza, basi nikahamisha kamera kushoto kwa mlango ili nimpige Omari. Fremu ilikuwa nzuri, nikaridhika, tukamaliza saa kumi na moja.

Usiku binamu yangu akaunganisha. Zuhura anatazama kulia. Omari naye anatazama kulia. Ukizifuatanisha, hawatazamani. Wote wawili wanamtazama mtu wa tatu ambaye hayumo. Kwenye sentensi tamu kuliko zote za filamu, Omari anaonekana anamwambia mwanamke mwingine. Nilihisi baridi tumboni.

Maelezo yake ni haya. Watu wawili wanapozungumza, chora mstari wa mawazo kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kamera ikibaki upande mmoja wa mstari huo, huyu atatazama kulia na yule kushoto, na mtazamaji ataamini wanatazamana hata kama umewapiga siku tofauti. Ukiuvuka mstari, mmoja anageuka. Nilikuwa nimesoma habari hiyo. Siku hiyo sikuiona kwa sababu barazani hakuna mstari unaoonekana, kuna watu tu na joto.

Tulijaribu kuokoa. Binamu yangu aliigeuza picha ya Omari kama kwenye kioo, kulia iwe kushoto. Kwa sekunde chache tulifurahi, macho yakakutana. Kisha mdogo wake, ambaye hana habari na kamera, akasema, "Mnyororo umehamia kushoto." Mnyororo wa baiskeli uko kulia. Tanga hii, mji wa baiskeli, kila mtoto anajua hilo, na Omari ni fundi. Mfuko wa shati nao ulikuwa umehamia upande wa pili. Tukaifuta.

30 Juni. Kurudia

Tulirudia upande wote wa Omari. Lenzi 20,000, chakula 18,000, na waigizaji nikawaongezea 10,000 kila mmoja kwa kuwa siku hii haikuwa kwenye makubaliano. Jumla ya kosa: 58,000.

Safari hii nilitandika kamba ya katani kutoka mguu wa kiti cha Zuhura, nikaishusha ngazi ya baraza, hadi unyayo wa Omari. Kabla ya kila shoti mdogo wetu anaikunjua, anaangalia kamera iko upande gani, anaiondoa. Kamera haivuki kamba. Ni mita sita za kamba, na kila anayeanza kazi hii namwomba aanze nayo.

Kwa kuwa tulikuwa tunarudia, nilipata nafasi ya kujaribu bega. Ziara ya kwanza kila mtu yuko peke yake kwenye fremu yake: Zuhura na cherehani, Omari na baiskeli. Ziara ya pili nilimpiga Omari kutoka nyuma ya bega la Zuhura, sehemu ya mtandio wake ikiwa imefunika kona ya fremu, haionekani sawasawa. Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Fremu ya mtu mmoja inasema kila mtu ana dunia yake. Bega likiingia, hata likiwa ukungu mtupu, wanakuwa katika dunia moja, na wewe mtazamaji unakuwa umesimama nyuma ya mwanamke huyo unamwona mwanamume kama anavyomwona yeye. Hakuna aliyesogea hata hatua moja, waigizaji walikuwa palepale, lakini kwenye kompyuta ilionekana kama wamekaribiana.

6 Julai. Raskazone

Onyesho la kutembea. Zuhura na Omari wanakokota baiskeli katikati yao kando ya bahari, mdogo wake Zuhura katangulia mbele, kama inavyotakiwa. Leo bamvua, siku za maji makubwa, na maji yalijaa saa kumi alasiri, ngalawa zinaelea, mwanga wa dhahabu. Mwenye ngalawa alitaka 20,000 ili chombo kibaki kilipo.

Shoti ya kwanza ilikuwa ya mbali sana: watu wawili wadogo chini, bahari na anga juu yao. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nimeitoa. Katika fremu ile wale wawili ni wapweke. Bahari imewameza. Ingenifaa kama Omari angekuwa anaondoka. Hapa ndipo wanapoanza kuzoeana, na jicho la mtazamaji liko kwenye tanga la ngalawa. Imeniuma kuitoa, nakiri.

Ya pili tulirudi nyuma mbali kabisa na kutumia lenzi ya 85. Lenzi ndefu kutoka mbali inasogeza vitu pamoja. Ngalawa iliyo mita arobaini nyuma yao inaonekana kama iko mgongoni mwao. Wanatembea wakija kwetu, lakini hawafiki upesi, kwa sababu lenzi hiyo inaficha umbali wanaoukata. Hisia yake ni ya watu wasiotaka njia iishe. Hiyo ndiyo tuliyoichukua.

Ya tatu, kutembea nao kwa ubavu. Kwanza nilipakiwa nyuma ya baiskeli nikishika kamera, picha ikatikisika kiasi cha kumfanya mtu atapike. Tukakodi guta kwa 15,000. Bado ilitikisika. Mwenye guta mwenyewe akashauri tupunguze upepo kwenye matairi yote matatu. Tairi likiwa laini linameza mashimo. Baada ya hapo, na tripodi ikiwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, tulipata sekunde 40 safi.

Jua lilizama kama saa kumi na mbili na nusu. Huku kwetu linashuka karibu wima, mwanga wa dhahabu ni kama nusu saa tu. Shoti ya mikono kwenye usukani hatukuiwahi.

13 Julai. Raskazone tena

Tulirudi saa ileile kuchukua mikono. Maji yalikuwa yametoka. Wiki moja tangu bamvua, saa za kujaa zimehama kwa kama saa sita, na saa kumi alasiri, mahali palipokuwa na bahari na ngalawa, pana tope na ngalawa imelala ubavu. Mvuvi yeyote angeniambia kama ningeuliza. Ngalawa 20,000 na chakula 18,000 vikaenda bure, nusu saa nzima tumekaa tunaangalia tope.

Kilichotuokoa ni kwamba mikono haihitaji bahari. Tulisogea, tukajaza fremu kwa usukani, mikono miwili na kengele katikati, nyuma pakawa ukungu wa rangi ya jua tu. Mkono wa Omari umeshika upande mmoja, wa Zuhura upande mwingine. Wakivuka shimo baiskeli inayumba, vidole vinateleza kuelekea kengele na kusimama kabla ya kufika. Nilipoiona nikajua kwamba klozapu yangu ya ziara ya pili nimeipata, na haina uso ndani yake.

Kabla ya kupanga siku ya pwani, uliza bamvua ni lini. Ukitaka kurudia shoti za maji, subiri wiki mbili, si moja.

20 Julai. Kanga

Ziara ya tatu. Zuhura anajibu bila kusema. Kwenye skripti niliandika kwamba anageuka na kuingia ndani, na kanga aliyojifunga ina jina linalosomeka kwa nyuma: *Japo sipati tamaa sikati*. Jina la kanga linakaa juu ya pindo la chini. Ili lisomeke nilishusha kamera hadi usawa wa goti na kumfuata kwa nyuma.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni anaangalia kioo cha kamera. Akasema, "Mwanangu, hapo unamtazama binti ya watu kwa nyuma." Hakupaza sauti. Nilitazama fremu upya na nikaona anachokiona. Maneno yalikuwa pale, lakini kabla ya maneno ulikuwepo mwili, na kamera ya chini inayomfuata mwanamke kwa nyuma ina njaa hata kama mwenye kamera hana. Mtazamaji angekuwa mchunguliaji. Dada aliyeigiza naye akasema alikuwa hajisikii vizuri ila alinyamaza. Tukasimamisha kazi.

Tulikaa uani tunakunywa chai, na kanga imeanikwa kambani mbele yetu. Jibu lilikuwa pale linaning'inia. Omari analeta baiskeli mlango wa uani. Haingii, uani ni kwa wanawake, anasimama kwenye fremu ya mlango. Kati yake na Zuhura kuna kanga iliyoanikwa. Anaisoma.

Nilitumia saa tatu kwenye shoti nne, na zote nazieleza kwa kuwa hapa ndipo filamu ilipo.

Ya kwanza ni macho ya Omari: kanga imejaa fremu, jina linasomeka. Mara ya kwanza tuliianika kichwa chini, maneno yakapinduka. Ianike kwa pindo la juu ili jina lining'inie chini na kusomeka.

Ya pili, uso wa Omari anaposoma. Nilimwambia asiigize chochote, asome tu, taratibu, neno kwa neno, hadi mwisho, kisha arudie neno la mwisho.

Ya tatu kutoka upande wa Zuhura. Jua la alasiri lilikuwa nyuma ya Omari. Kitambaa kikapitisha mwanga, maneno yakaonekana kinyume, na kivuli cha Omari kikasimama katikati ya maua ya kanga. Hilo sikulipanga. Omari anaona maneno sawa, Zuhura anayaona kinyume, kwa sababu ni Zuhura aliyeyatuma.

Ya nne, upepo unainua kanga na kwa sekunde mbili wanaonana uso kwa uso. Kusi linavuma sana mwezi huu, lakini ua una kuta na upepo haukuingia. Watoto wawili walipepea kwa maboksi, kanga ikatikisika bila kuinuka. Tukafunga uzi mweusi wa cherehani kwenye pindo tuuvute, ukaonekana kwenye mwanga kisha ukakatika. Mdogo wetu akakimbia dukani kununua mshipi wa kuvulia, 1,500. Hauonekani kabisa. Akapanda ukutani, akauvuta polepole kama mtu anayepandisha pazia, akauachia ghafla. Mara ya sita kanga ilipanda kwa namna ya upepo wenyewe. Hapo ndipo nilipotumia klozapu pekee ya uso katika filamu, kwa lenzi ya 85, mita mbili na nusu. Ni ya Zuhura. Kwa dakika saba kamera ilikaa mbali naye, sasa ikamkaribia pale tu kanga ilipoinuka.

21 Julai. Usiku, chumbani

Zuhura peke yake, baiskeli imeegeshwa ukutani na kengele mpya. Anaigusa mara moja.

Nilipiga kutoka ukumbini kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, robo tatu ya fremu ikiwa mlango na ukuta. Wazo la kupiga kupitia milango nililipata kwa mwongozaji Wong Kar-wai, kwenye filamu yake ya mwaka 2000 ya majirani wawili wa Hong Kong, ambamo kamera iko kwenye korido na nyuma ya milango, na nyuso za mke na mume waliowasaliti hao wawili hazionyeshwi. Kule kamera ni kama jirani. Na Ngamiani jirani yupo siku zote. Fremu ikibanwa na mlango, mtazamaji anashusha pumzi, anajua anaona lisilomhusu.

Picha ikawa inapepesa, mistari myeusi inapanda na kushuka. Kamera ilikuwa imerudi kwenye fremu 30 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa ya tyubu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na 1/60 haigawanyiki sawasawa humo. Ukiweka fremu 25 na shata 1/50, kila fremu inapata mapigo mawili kamili na picha inatulia. Nilibadilisha, nikanunua na balbu ya njano ya 9,000 kwa ajili ya rangi, tukapiga upya usiku uleule.

2 Agosti. Kuediti

Wiki mbili na binamu yangu. Nimeamini alichoonyesha mwongozaji wa filamu Mrusi, Lev Kuleshov, karne moja iliyopita: uso uleule wa mwigizaji, ukiwekwa baada ya bakuli la supu unaonekana una njaa, baada ya jeneza una huzuni, baada ya mwanamke una tamaa. Uso wa Omari anaposoma hauna kitu. Tulipouweka kabla ya kanga, ulikuwa uso wa fundi aliyechoka. Tulipouweka baada ya kanga, binamu yangu alishika kifua.

Muda nao una kazi yake. Mwanzoni nilikata kila mtu anapomaliza kusema. Mazungumzo yakawa kama ya kituo cha basi. Sasa tunabaki na anayesikiliza, sekunde moja na nusu baada ya neno la mwisho. Mapenzi yao yako kwenye sekunde hiyo na nusu.

Gharama zote: majaribio 12,000; lenzi siku nne 80,000; chakula siku sita 108,000; waigizaji 120,000; ngalawa 40,000; guta 15,000; kanga doti moja 12,000; mshipi 1,500; kengele 5,000; balbu 9,000; bajaji 30,000. Jumla 432,500, tumezidi bajeti kwa 82,500. Mstari niliouvuka na maji niliyoyakosa peke yake ni 96,000.

9 Agosti. Uani kwa shangazi

Shuka lilelile jeupe tulilorudishia mwanga ndilo tulilolitundika ukutani, na projekta ya kuazima. Kama watu arobaini, watoto mbele kwenye mkeka.

Kwenye onyesho la barazani hakuna aliyetaja kodi. Kwenye mikono na usukani, vidole viliposimama kabla ya kengele, nilisikia mtu nyuma yangu akisema "aaah" kwa sauti ya kukatishwa tamaa, nami moyo ukanienda mbio.

Kisha kanga. Ilipojaa ukutani, kina mama wakaisoma kwa sauti, wote pamoja, neno kwa neno, kabla Omari hajaonekana anaisoma. *Japo sipati, tamaa sikati.* Vigelegele vikapigwa, na uso wa Omari ukapita ndani ya vigelegele bila kuonekana, kanga ikainuka na kushuka watu wakiwa bado wamegeukiana. Klozapu ya Zuhura waliiona wachache.

Leo asubuhi nimefungua kazi tena na kuongeza sekunde nne baada ya jina la kanga, kanga peke yake kambani, inatikisika kidogo, ili vigelegele viishe kwanza.